Nani Analipia Betri? Utangulizi wa Elimu ya Kutunza Vifaa vya Uhifadhi

Taaluma unayoingia bado ni changa, na wengi wanaoifanya hawajui kwamba wanaifanya. Fundi anayefuta kuvu kwenye lenzi ya kamera katika misitu ya Udzungwa yumo. Mhasibu wa shirika la wanyamapori anayehangaika kutafuta kasma ya kulipia seva yumo. Yumo pia mtunza programu wa Bergen au Nairobi anayejibu maswali ya watumiaji usiku, baada ya kutoka kwenye kazi yake ya mshahara. Wote hawa wanazunguka swali moja la fedha: mfadhili amenunua vifaa, picha za makabidhiano zimepigwa, wageni wamepanda ndege kurudi kwao, nani analipia betri?

Vifaa vyenyewe unavifahamu. Ni kamera za mitego zinazojifyatua mnyama anapopita, vinasa sauti vinavyofungwa mitini kusikiliza ndege na popo, mikanda ya GPS wanayovishwa tembo na simba, ndege nyuki, na programu za kompyuta zinazokusanya habari za doria za askari wa hifadhi. Vimebadili namna tunavyowajua wanyama. Mwaka 2005 kamera ya mtego katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa, ilimpiga picha sange mkubwa mwenye uso wa kijivu ambaye wanasayansi hawakuwa na habari naye. Mwaka 2008 akatangazwa rasmi kuwa spishi mpya, Rhynchocyon udzungwensis. Habari kama hiyo hupewa nafasi magazetini, na inastahili. Sisi katika taaluma hii tunauliza habari za pembeni yake: nani alipandisha betri mlimani, nani alishuka na kadi za kumbukumbu, na safari hiyo iliandikwa katika fungu gani la bajeti.

Mfano ninaopenda kuanza nao ni Serengeti. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, wakiongozwa na Alexandra Swanson, walitandaza kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125, yaani kamera moja kwa kila kilomita tano za mraba. Mradi huo, Snapshot Serengeti, uliwaomba watu wa kawaida popote duniani watambue wanyama kwenye picha kupitia intaneti, na zaidi ya 28,000 wakajiandikisha. Makala ya takwimu iliyochapwa mwaka 2015 inahesabu siku-kamera 99,241 na mafungu ya picha yapatayo milioni 1.2. Mafungu yenye mnyama ni 322,653 tu. Mengi katika yaliyobaki ni nyasi zilizochezeshwa na upepo.

Wanaousimulia mradi huu huishia kwenye wale watu 28,000, maana hapo ndipo penye utamu. Mimi huwasimamisha wanafunzi kwenye ile namba ya siku-kamera. Siku-kamera ni siku moja ambayo kamera moja ilikuwa nzima, ina chaji, ina nafasi kwenye kadi, na inatazama kule ilikoelekezwa. Piga hesabu mwenyewe: kamera 225 zisizokosa hata siku moja kwa miaka mitatu ya takwimu hizo zingetoa siku-kamera zaidi ya 246,000. Anayezijua kazi za porini anajua kilichomo kwenye pengo hilo. Zipo kamera zilizochelewa kufungwa, zipo zilizong'olewa na tembo au kutafunwa na fisi, zipo zilizoingiwa na maji, na zipo ambazo betri ziliisha siku mbili baada ya gari kuondoka. Hata hivyo siku 99,241 ni kazi kubwa sana, na kila moja kati yake ilitokana na mtu aliyerudi kwenye mti uleule kila baada ya wiki chache akiwa na kitambaa, bisibisi na betri mpya.

Nikutajie kosa moja dogo, kwa sababu linaeleza taaluma nzima. Baadhi ya kamera, betri zikitolewa, saa yake hurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Fundi akisahau kuirekebisha, kamera itaendelea kupiga picha safi kabisa, kila moja ikiwa na tarehe ya uongo. Picha iliyokosekana inaonekana kuwa imekosekana. Picha yenye tarehe ya uongo inaingia kwenye takwimu kimyakimya, na miezi kadhaa baadaye inamfanya chui aonekane anatembea mchana wa Januari kumbe alipita usiku wa Juni. Dawa yake ni rahisi na inachosha: kila unapoifikia kamera, unaishikia mbele kibao chenye tarehe, saa na namba ya kituo, kisha ofisini mtu analinganisha kibao na saa ya picha, kituo kwa kituo. Kuna maandiko mengi ya miradi yanayotenga fedha za kununua kamera mia. Ni machache yanayotenga mshahara wa huyo mtu wa ofisini.

Gharama nyingine haziko kwenye kifaa, ziko kwenye bili inayokuja kila mwezi. Kisa cha kufundishia hapa kilitokea Urusi. Watafiti wa kituo cha kutibu wanyama pori huko Novosibirsk waliwafunga tai wa nyika vifaa vilivyokuwa vinatuma mahali walipo kwa ujumbe mfupi wa simu. Mwaka 2019 tai mmoja jike, Min, alikaa majira yote ya joto sehemu za Kazakhstan zisizo na mtandao, ujumbe ukawa unajilimbikiza. Alipokatiza kwenda Iran akakuta mtandao, na kifaa chake kikatuma ujumbe wote wa miezi kwa mpigo, kwa bei ya Iran ya rubo 49 kila mmoja. Salio la mradi mzima likaisha, likiwamo la tai wenzake. Watafiti wakaomba umma uwachangie vocha za tai. Watu wakachanga, na mwishowe kampuni ya simu, MegaFon, ikafuta deni na kuwapa nafuu ya bei. Dunia ilicheka. Korongo mmoja wa Poland alifanya makubwa zaidi: kifaa chake kilipotea Sudan, mtu akachomoa laini, akaongea nayo simu kwa saa nyingi, na mwaka 2018 shirika lililomfuatilia likaletewa bili ya zaidi ya zloti 10,000.

Ukimaliza kucheka, tazama jinsi bajeti za miradi hiyo zinavyotengenezwa. Bei ya kifaa inajulikana siku ya kununua. Bei ya kukitumia inategemea ndege atakavyoamua kuruka. Mkanda wa GPS wa tembo nao hulipiwa ada ya setelaiti muda wote uwapo shingoni, na betri ikiisha lazima daktari wa mifugo, dereva, dawa ya usingizi na mara nyingine helikopta virudi porini kuuvua au kuubadilisha. Ruzuku nyingi ni za mwaka mmoja hadi mitatu. Kwa hiyo mkanda unaweza kuishi muda mrefu kuliko fedha zilizoununua, na tembo akabaki akitembea na kifaa kizima ambacho hakuna tena wa kukilipia.

Kwenye programu za kompyuta tatizo ni lilelile, ila halionekani kwa macho. Kwa takriban miaka ishirini watafiti waliokuwa wakichora ramani za mienendo ya wanyama kwa lugha ya kompyuta iitwayo R waliegemea vifurushi vitatu, rgdal, rgeos na maptools. Mtunzaji wao mkuu, Roger Bivand, profesa wa Bergen, Norway, alipokaribia kustaafu alitoa taarifa mapema kwamba vitaondolewa, akaeleza vya kuhamia, na Oktoba 2023 vikaondolewa kweli. Kwa maoni yangu hicho ni kifo cha heshima: kilikuwa na tangazo, wosia na mrithi. Programu nyingi za uhifadhi hufa bila hata kimoja. Mwanafunzi wa uzamili aliyeiandika anapata ajira kwingine, anwani ya tovuti inaisha muda, na siku moja mfumo mpya wa simu unaikataa. Askari aliyeizoea anarudi kwenye daftari. Kinyume chake ni historia ya MIST, mfumo wa kuweka kumbukumbu za doria uliotengenezwa Uganda miaka ya 1990 kwa ajili ya mamlaka ya wanyamapori ya nchi hiyo, kwa msaada wa Wajerumani. Ulipochoka, mashirika makubwa ya uhifadhi yaliungana kuanzia mwaka 2011 kujenga mrithi wake, SMART, na yakakubaliana kubeba gharama kwa pamoja. SMART imedumu kwa sababu hakuna shirika moja linaloweza kuitelekeza peke yake.

Nadharia ya taaluma hii tumeazima kwa wengine, na sina haja ya kukuchosha nayo. Mwanahistoria David Edgerton alionyesha mwaka 2006, katika The Shock of the Old, kwamba tukiandika historia ya teknolojia kwa kufuata uvumbuzi tunawaacha nje watu wengi wanaotumia na kukarabati. Steven Jackson aliandika mwaka 2014 kuhusu ukarabati, akitaka tuanze na vitu vinavyochakaa badala ya vitu vinavyozaliwa. Andrew Russell na Lee Vinsel waliwapa sauti watunzaji kwa makala yao ya 2016. Anayekulia Kariakoo au Gikomba, akiona redio ya mwaka 1985 ikifufuliwa kwa waya wa kuokota, huenda akashangaa kwamba haya yalihitaji vitabu. Lakini wafadhili husoma vitabu, kwa hiyo vimesaidia.

Tufike kwenye fedha zenyewe. Hapa ndipo penye fundo, na hapa nitakaa.

Mwaka 1958 Charles David Keeling alianza kupima hewa ya kaboni dioksidi juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii. Leo mstari wa vipimo vyake ni miongoni mwa ushahidi mkuu wa mabadiliko ya tabianchi. Mwaka 1964 bajeti ilikatwa na vipimo vikasimama kwa miezi kadhaa. Pengo hilo bado lipo kwenye mchoro. Baadaye Keeling alilazimika kubishana tena na tena na watoa ruzuku waliomwona anafanya kazi ya kawaida isiyo na ugunduzi. Walikuwa na hoja, kwa kanuni zao. Kupima leo kitu ulichokipima jana hakuna jipya lolote. Upya unatokea baada ya miaka kumi, na unatokea tu kama hukukosa. Takwimu za wanyama ziko hivyohivyo. Idadi ya swala mwaka huu peke yake haisemi kama wanapungua.

Ruzuku, kwa maumbile yake, hununua mwanzo. Kamati inayoketi kuchambua maandiko mia mbili inatafuta sababu ya kuchagua moja, na "tutaendelea kufanya tulichokuwa tukifanya" haiwezi kushinda "kwa mara ya kwanza". Mwombaji naye si mjinga. Anaujua mchezo, kwa hiyo anaivika kazi ya zamani nguo mpya: kamera zilezile, msitu uleule, ila safari hii kuna akili mnemba. Betri zinafichwa ndani ya fungu la "vifaa mbalimbali", na mshahara wa fundi ndani ya "mafunzo". Uongo huu mdogo umekuwa desturi, na ubaya wake ni kwamba mfadhili hajui kamwe gharama halisi ya kile anachokipenda.

Kisha kuna gharama za utawala, ambako utunzaji husukumwa ukikosa pa kukaa. Wafadhili wengi huziwekea ukomo. Serikali ya Marekani, kwa taasisi zisizo na makubaliano maalumu, ilikuwa na asilimia 10, na Oktoba 2024 ikapandisha hadi 15. Mwaka uliofuata shirika lake la misaada, USAID, likavunjwa, na watu wa uhifadhi Afrika Mashariki waliotegemea fedha hizo wakajifunza kwamba asilimia 15 ya sifuri ni sifuri.

Kwa upande wa serikali zetu, ugonjwa una jina la kihasibu. Bajeti imegawanyika kati ya matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida. Mfadhili huleta gari, kamera na seva kupitia maendeleo. Mafuta, betri na umeme vinategemea kawaida, ambayo haikuongezwa hata shilingi. Methali ya ufa na ukuta kila mtoto wa shule anaijua, lakini haisemi fundi wa kuziba ufa analipwa kwa kasma ipi.

Tumewahi kulitatua tatizo hili katika jambo lingine: barabara. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya maendeleo ya 1994, ilikadiria kwamba Afrika ingetumia dola bilioni 12 kutunza barabara kwa wakati, ingeokoa dola bilioni 45 za kuzijenga upya ndani ya muongo mmoja. Kenya ilitunga sheria ya tozo ya matengenezo ya barabara mwaka 1993. Tanzania ikatunga yake mwaka 1998: tozo ya mafuta iende Mfuko wa Barabara, na angalau asilimia 90 itumike kwa matengenezo. Unaweza kulalamika kuhusu mashimo ya mtaani kwenu, na una haki, lakini kanuni ni sahihi. Aliyeitunga alijua kwamba utunzaji ukishindanishwa na ujenzi mpya kwenye meza moja utashindwa, kwa hiyo akautengea meza yake.

Je, uhifadhi unaweza kuwa na meza yake? Wapo wanaopendekeza sehemu ndogo ya viingilio vya hifadhi ifungiwe kwa ajili hiyo. Naunga mkono kwa tahadhari, maana mwaka 2020 watalii walipokosekana tuliona jinsi mapato hayo yanavyoweza kukauka kwa mwezi mmoja. Kwenye programu dunia imeshaanza kujaribu. Mwaka 2014 kosa lililoitwa Heartbleed lilifichua kwamba OpenSSL, programu inayolinda siri za sehemu kubwa ya intaneti, ilikuwa ikipata michango ya kama dola 2,000 tu kwa mwaka. Aibu hiyo ilizaa mifuko. Chan Zuckerberg Initiative ilianza mwaka 2019 kutoa ruzuku kwa programu huria za sayansi, utunzaji ukiwamo, na Ujerumani ikaanzisha Sovereign Tech Fund mwaka 2022. Katika uhifadhi mifuko ya namna hiyo ni midogo na michanga, na inahitaji watu watakaoonyesha kwa ushahidi kwamba inafaa. Hapo ndipo unapohitajika.

Usidhani kwamba humu ndani tunakubaliana. Mabishano makali ni kuhusu kipi kiachwe kife. Uchunguzi wa mtandao wa WILDLABS uliochapwa mwaka 2022 katika Conservation Biology, uliowahoji watumiaji na watengenezaji 248 wa teknolojia ya uhifadhi kutoka nchi 37, ulitaja kugombania fedha chache na kurudia kazi zilezile miongoni mwa vikwazo vikuu. Kama kuna programu tano zinazofanya jambo moja, kuzilipia zote tano ni kuuhifadhi msongamano. Wengine wanasema vifaa sasa ni rahisi, kikiharibika kinunuliwe kingine. Hoja hiyo ina mvuto mpaka uchambue takwimu. Kamera ya toleo jipya hufyatuka upesi kuliko ya zamani, kwa hiyo mwaka uliobadilisha kamera, digidigi "wanaongezeka". Kinasa sauti kipya husikia mbali zaidi, na msitu "unapata" ndege. Asiyeandika tarehe ya kubadilisha kifaa amebadilisha wanyama bila kujua. Kununua kipya hakukuondoi kwenye utunzaji. Kunakuongezea kazi ya kulinganisha.

Bishano la pili linawahusu watu, na hapa sitajifanya sina upande. Mara nyingi anayekijua kila kituo, njia ipi hujaa maji Machi na mti upi una siafu, ni mwenyeji anayelipwa kibarua cha siku. Ruzuku ikiisha yeye ndiye wa kwanza kuondoka, na anaondoka na ramani iliyo kichwani mwake. Mtafiti wa shahada ya uzamivu aliyekuja kwa miezi minane ndiye anayeandikwa kwenye makala. Mradi ukifufuliwa baada ya miaka miwili, fedha nyingi hutumika kujifunza upya kile ambacho mtu mmoja wa kijiji cha jirani angekieleza kwa asubuhi moja. Kumwajiri huyo mtu kwa mkataba wa kudumu ni utunzaji wa bei nafuu kuliko wowote ninaoujua. Bado ni nadra.

Ukitaka kuanza utafiti wako, usianze na ripoti ya mradi. Ripoti huandikwa ili mfadhili apendezwe. Omba daftari la stoo, uone betri ziliisha lini na ziliagizwa lini. Omba hati za masurufu za safari za porini. Tafuta orodha ya watu wenye nywila za mfumo, uhesabu ni wangapi walikwishahama kituo. Zungumza na dereva. Kisha linganisha hayo na andiko la awali la mradi, na tayari una sura ya kwanza ya tasnifu.

Na siku utakapoketi wewe katika kamati ya kuchambua maandiko, muulize kila mwombaji swali moja kabla ya kusaini: mwezi wa arobaini, ruzuku hii ikiwa imekwisha, bili ya setelaiti italipwa kutoka kasma ipi, na nani atakuwa na ufunguo wa stoo? Asiye na jibu arudishiwe andiko lake akalijaze.